Mashine hazijakufa, programu ndizo zilizonenepa

Tangu Oktoba 2025 kuna neno moja linazunguka katika masekreteria ya hapa Musonoi na kule mjini Kolwezi: "Hizi mashine zimeisha." Mafundi wanalisema, wenye masekreteria wanalirudia, na wauzaji wa kompyuta za okazyo wanalisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hao wa mwisho tunawaelewa, ni biashara yao. Lakini neno lenyewe ni uongo, tena uongo wa bei kali, kwa hiyo leo naacha habari za barabara na za maji nipate kulijibu.

Tuanze na jambo lilivyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya usalama, zile mizajuru, kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao ndio uliojaa katika mashine zetu. Anayetaka kubaki salama anaambiwa ahamie Windows 11. Na Windows 11, kabla haijakubali kuingia, inauliza maswali kama askari wa bariyeri. Una kichakataji cha karibuni, kwa hesabu ya jumla cha kuanzia mwaka 2018 hivi? Una ile chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0? Una memori ya gigabaiti 4? Una nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski? Ukikosa kimoja, rudi ulikotoka.

Sasa angalieni mashine tulizonazo. Ni zile ambazo ofisi za Ulaya zilizitumia miaka kadhaa, zikatolewa, zikapakiwa kwenye kontena, zikashukia Dar es Salaam au Durban, zikapita Kasumbalesa, zikauzwa Lubumbashi na hapa kwa dola. Core 2 Duo bado zipo. Zile i3 na i5 za kizazi cha pili, cha tatu na cha nne ndizo nyingi. Na kutwa zinafanya nini? Zinaandika barua ya kuomba kazi. Zinachapa TFC ya mwanafunzi ambaye kesho anatetea kazi yake mbele ya walimu. Zinaskani kadi ya mpiga kura. Zinatengeneza mwaliko wa ndoa, na siku nyingine tangazo la matanga. Zinajaza alama za wanafunzi wa shule fulani. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo ambayo mashine ya mwaka 2011 inaishindwa. Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba zilikuwa zikifanya kazi zile zile, kwa kasi ile ile ya tarehe 13. Kilichobadilika ni uamuzi uliochukuliwa mbali sana na hapa, na watu ambao hawajawahi kusubiri zamu kwenye sekreteria.

Angalieni na uzito wenyewe ulivyopanda. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliomba memori ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 iliomba megabaiti 64. Windows 7 ya mwaka 2009 iliomba gigabaiti 1. Windows 11 ya mwaka 2021 inaomba gigabaiti 4, na hicho ni kiwango cha kwenye karatasi; fundi yeyote atawaambia kwamba kwa gigabaiti 4 inatambaa. Kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni zaidi ya mara elfu moja. Nauliza: barua ya kuomba kazi ya mwaka 1995 ilikuwa ukurasa mmoja. Leo imekuwa kurasa elfu?

Sitaki kudanganya mtu. Sehemu ya uzito huo ina haki yake. Picha zimekuwa kubwa, video zimeingia, skrini zina nukta nyingi zaidi, herufi za lugha zote za dunia lazima zikae ndani, na ulinzi wa leo dhidi ya wezi wa mitandaoni si wa mwaka 1995. Hayo tunayakubali. Lakini hayafiki mara elfu. Kinachobaki ni mafuta tu.

Mtu wa kwanza wa maana kulisema hili hakuwa mlalamikaji wa kijiweni. Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi aliyeunda lugha ya programu ya Pascal, aliandika mwaka 1995 makala ya kuomba programu zirudi kuwa nyembamba. Hoja yake ilikuwa kwamba programu zinazidi kuwa polepole kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi, kwa hiyo faida yote ya chipu mpya inaliwa kabla haijamfikia mtumiaji. Hakuishia kusema: yeye na mwenzake Jürg Gutknecht walikuwa wamekwisha kuandika mfumo mzima, Oberon, watu wawili tu, ili kuonyesha kwamba inawezekana. Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024. Miaka karibu thelathini tangu makala yake, na hakuna aliyemsikiliza.

Kwa nini hawakusikiliza? Kwa sababu unene haumgharimu anayeunenepesha. Mwandishi wa programu ana mashine mpya, intaneti isiyohesabiwa na kuranti isiyokatika. Kwake, kuongeza megabaiti 200 ni kazi ya mchana mmoja. Kuzipunguza ni kazi ya mwezi, na hakuna mkubwa atakayemlipa kwa mwezi huo. Ndiyo maana siku hizi programu nyingi za mezani kwa kweli ni kivinjari kizima cha intaneti kilichofichwa ndani ya dirisha moja. Fungua programu ya mazungumzo, kivinjari kimoja. Fungua programu ya kuandika vikumbusho, kivinjari cha pili. Halafu huko kwenye Windows 11 kuna habari za dunia na hali ya hewa ambazo hukuziomba, kuna mapendekezo ya programu za kununua ndani ya menyu ya kuanzia, kuna taarifa za matumizi yako zinazotumwa kwa kampuni. Vyote vinakaa kwenye memori. Vyote vinakunywa mega.

Mega! Hapo ndipo watu wa Musonoi wanapoelewa haraka kuliko maprofesa. Toleo la kawaida la Windows 11, lile la nyumbani, linadai intaneti na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza kabisa, kabla hujaona hata meza yako. Kwa mtu wa Ulaya ni dakika mbili. Kwa mama mwenye sekreteria ni kuwasha simu, kununua forfe, kuigeuza simu iwe modemu, na kuomba kuranti isikatike katikati. Halafu mizajuru zinaanza kushuka zenyewe, na forfe ya wiki inaisha kabla mteja wa kwanza hajachapiwa ukurasa. Mafundi wetu wamejifunza kuzifunga mizajuru hizo kwa nguvu. Matokeo yake, mashine inabaki bila ulinzi, na fleshi ya mteja inaingia na virusi vyake, na jioni TFC ya kurasa 60 imegeuka rakursi tupu ambazo hazifunguki. Nani katika kartye hii hajaona mwanafunzi akilia mbele ya skrini?

Na kuranti. Laini ya Inga, kilomita kama 1,700, ilivutwa kutoka Kongo ya chini ikakamilika mwaka 1982, ikaishia hapa Kolwezi kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wetu wenyewe, Lualaba. Na bado nyumbani tunawasha mshumaa. Sina nafasi ya jambo hilo leo, ila nataka mwone linavyokutana na programu nzito. Mfumo unaochukua dakika kumi kuamka, katika mji ambamo kuranti inaweza kukatika mara nne kwa siku, umekula dakika arobaini za kazi. Betri ya laptopu ya okazyo, ambayo imebaki na saa moja ya pumzi, inaliwa na mambo yanayoendeshwa chinichini ambayo mwenye mashine hayajui hata kwa jina. Ukiwa na mfumo mwepesi, saa ile ile moja inaandika barua nane.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mtu wa Paris au wa San Francisco anaweza kulipuuza, lakini mtu wa Musonoi hana ruhusa ya kulipuuza.

Betri ya laptopu ina kobalti. Aina ya betri iliyozoeleka kwenye laptopu na simu, ile ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, imejengwa juu ya oksidi ya lithiamu na kobalti. Nyaya na bodi za kompyuta zina shaba. Na kobalti ya dunia, karibu robo tatu ya ile inayochimbwa, inatoka Kongo, sehemu kubwa ikiwa hapa Lualaba na kwa jirani zetu wa Haut-Katanga. Tunaishi katikati ya mashimo hayo. Tangu Union Minière, kupitia Gécamines iliyoundwa mwaka 1967, hadi makampuni ya leo, mji huu umesogezwa na kuchimbwa na kusogezwa tena. Huko Kasulo watu walianza kuchimba ndani ya parseli zao mwaka 2014, chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2023 Amnesty International iliandika juu ya familia za Kolwezi zilizoondolewa kwenye nyumba zao ili migodi ipanuke. Hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa hapa. Wengine wenu mmo ndani ya ripoti hiyo.

Basi unganisheni. Programu inanenepa. Mashine nzuri inaitwa imekufa. Watu wa Ulaya wananunua mpya. Mpya inahitaji kobalti na shaba mpya. Shimo linasogea mtaa mmoja zaidi. Na ile mashine iliyoitwa imekufa inakuja kwetu kwenye kontena, tunainunua kwa dola, halafu nasi tunaambiwa imekufa. Yaani tunalipa mlangoni na tunalipa dirishani. Watu wa pwani husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tunajua kwamba Wanyamwezi walifika mpaka huku kwetu kwa ajili ya shaba, ndio Bayeke wa Msiri pale Bunkeya. Labda mzigo walitukabidhi sisi wakapumzika.

Kampuni ya utafiti Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kufungwa kwa Windows 10 kunaweza kugeuza kompyuta kama milioni 240 kuwa takataka. Takataka, si kwa kuungua wala kwa kuanguka, ila kwa kukosa chipu moja na kwa kuzaliwa kabla ya mwaka fulani. Microsoft yenyewe ilipoona kelele imekuwa kubwa ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho, hadi Oktoba 2026. Kwa watu wa nchi za Ulaya, bure. Kwa wengine, dola 30, au upeleke mipangilio yako kwenye akaunti yao, au ulipe kwa pointi za zawadi zao. Ulaya walipewa bure kwa sababu wana vyama vya kutetea watumiaji vinavyojua kupiga kelele. Someni hapo ni nani anahesabiwa na ni nani hahesabiwi.

Sasa dawa. Ipo, wala si mpya. Kuna mifumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoamsha mashine na kuzibeba programu nyingine zote, ambayo imejengwa juu ya Linux na ni myepesi. Debian, ambayo watu wa kujitolea wameitunza tangu 1993, ukiivalisha sura ya mezani nyepesi kama Xfce au LXQt, ikiwa imetulia inakula megabaiti mia chache tu. Ipo antiX, iliyotengenezwa makusudi kwa mashine za zamani. Ipo Puppy, aliyoianza Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ambayo inawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski na inakaa yote ndani ya memori. Kwa kuandika ipo LibreOffice, inayofungua faili za Word na Excel. Na msiseme ni vitu vya Wazungu peke yao: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita! Sisi huku bado tunabonyeza "Enregistrer sous" bila kujua inamaanisha nini.

Mtaniambia Linux ni bure. Acheni hoja hiyo, haina nguvu hapa. Hakuna mtu Musonoi aliyewahi kulipia Windows. Tunainakili kwenye fleshi, fundi anaweka ufunguo wa wizi, maisha yanaendelea. Kwa hiyo mtu anayekuja kwetu na wimbo wa "ni bure" anauza maji mtoni. Hoja ya kweli ni uzito. Windows ya wizi ni bure kuiweka, halafu inakulipisha kila siku: mega, kuranti, muda, virusi, na mwishoni mashine nzima.

Lakini kabla wapenzi wa Linux hawajaanza kunipigia makofi, nina neno na wao pia, kwa sababu nusu ya lawama ni yao.

Kuna vijana wetu, wachache lakini wanasikika, ambao wamegeuza wepesi kuwa mashindano ya sifa. Utawaona wakionyeshana picha za skrini: skrini nyeusi, maandishi ya kijani, memori megabaiti 80, hakuna menyu, hakuna aikoni, kila kitu kwa kuandika amri. Kuna Tiny Core, mfumo mzima wenye madirisha ambao haufiki hata megabaiti 30. Ni kazi ya kustaajabisha, naiheshimu. Lakini mpelekeeni mama wa sekreteria skrini nyeusi mwone atakavyowafukuza. Yeye anataka kubonyeza mahali palipoandikwa "Imprimer" na karatasi itoke. Anataka fleshi ya mteja ifunguke yenyewe. Anataka herufi za Kifaransa zenye vikofia na alama zao zikae mahali pake kwenye kibodi. Kama wepesi wenu unamnyima hayo, basi mmempunguzia mashine mzigo mkauweka kichwani kwake. Huo ni unene ule ule, umehama tu.

Na semeni ukweli juu ya mambo matatu ambayo huwa mnayaficha. Kwanza, mfumo mwepesi haufanyi kurasa za intaneti kuwa nyepesi. Kivinjari kikifungua Facebook kitakula memori ile ile, uwe juu ya Windows au juu ya Puppy. Mashine ya gigabaiti 1 itaandika vizuri sana, lakini kwenye mtandao itakwama, mwambieni mtu kabla hajanunua. Pili, printa nyingine zinakataa Linux, hasa zile ndogo za bei rahisi. Jaribuni printa kwanza, kabla ya kufuta chochote. Tatu, faili ya Word yenye majedwali na picha ikifunguliwa kwenye LibreOffice inaweza kuhama mistari, na mwanafunzi ambaye profesa wake anapima pambizo kwa rula hatawasamehe. Mhifadhieni kwa PDF kabla ya kuchapa.

Hata Linux yenyewe inanenepa. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004 ilikaa kwenye CD moja, na kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, walituma CD hizo bure kwa posta hadi Afrika. Leo faili yake ya kusakinishia iko karibu na gigabaiti 6. Nani hapa ana forfe ya gigabaiti 6 ya kutupa? Na Debian, toleo la 13 la Agosti 2025, limeacha kusakinishwa kwenye mashine za biti 32, zile za zamani kabisa. Wana sababu zao, waliobaki kuzitunza ni wachache. Lakini msije kutuambia kwamba upande wenu hauna tumbo.

Kwa hiyo ninachotetea si dini ya Linux. Ni jambo moja la kawaida: mashine inayofanya kazi ya watu isiachwe kwa sababu programu imeamua kushiba.

Na hapa hapa Kolwezi jambo hilo lina mlango wa kulipitishia. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kampuni ya mgodi kukubaliana na jamii zinazoizunguka juu ya lile daftari la masharti ambalo kila mtu anaita cahier des charges, na tena kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Katika mikutano ya namna hiyo neno "ordinateri" linatajwa kila wakati, baada ya maji, shule na kituo cha afya. Watu wanasema: tupeni chumba cha informatiki. Vizuri. Lakini tunaomba vipi? Tunaomba kwa idadi, ishirini au thelathini, mpya, zenye Windows ya karibuni. Zinakuja, tunapiga picha na utepe, wakubwa wanaondoka. Hakuna aliyeandika nani atazitunza, mega zitatoka wapi, zitafanya nini siku mfumo wake ukifungwa na wenyewe. Maana utafungwa, kama ule wa kumi ulivyofungwa.

Ningependa wajumbe wetu waombe kwa namna nyingine. Waombe mashine za okazyo zilizopimwa, zenye gigabaiti 4 au 8 za memori, na badala ya diski ya kuzunguka ziwekwe diski ya SSD, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu mpya na ndiyo inayobadilisha mashine ya zamani kuliko kitu kingine chochote. Waombe mfumo mwepesi uwekwe tayari, kwa Kifaransa, na LibreOffice ndani, na ensiklopidia ya Wikipedia iliyopakuliwa kwa Kiwix ili isomwe bila intaneti. Hiyo Kiwix ipo tangu 2007 na imetengenezwa kwa ajili ya mahali kama petu. Halafu fedha inayobaki, na itabaki, iende kwa paneli za jua na mshahara wa kijana mmoja fundi kwa miaka mitatu. Kijana huyo ni wa maana kuliko mashine kumi. Bila yeye chumba kitafungwa kufuli kabla ya mwaka kuisha, iwe Windows, iwe Linux.

Najua jibu la direkta wa shule: "Watoto wetu wakiajiriwa kwenye makampuni watakuta Windows. Mtawafanya wachekwe." Ni jibu la haki na linastahili heshima. Ndiyo, kwenye kampuni watakuta Windows, na mhasibu atakuta programu za uhasibu ambazo haziwaki kwenye Linux, na mchoraji wa ramani atakuta AutoCAD. Basi wekeni mashine mbili za Windows ndani ya chumba kwa wale wanaosomea kazi hizo. Lakini mtoto wa darasa la saba anayejifunza kuandika kwa vidole kumi, kupanga jedwali, kutafuta faili aliyoihifadhi jana, anajifunza jambo ambalo halina jina la kampuni. Mwenye kujua kuendesha Toyota hashindwi Mitsubishi. Anayechekwa ni yule aliyekariri mahali aikoni ilipokaa, maana kila toleo jipya wanaihamisha.

Na kuna jibu la pili, hili halisemwi mbele ya mikrofoni: mashine mpya ina heshima. Mkubwa hawezi kukata utepe mbele ya Dell ya mwaka 2013 yenye mikwaruzo. Hapo sina la kumsaidia. Ila akumbuke kwamba siku mbili baada ya Windows 10 kufungwa, tarehe 16 Oktoba 2025, serikali yetu yenyewe ilianzisha utaratibu wa mgao wa kuuza kobalti nje, baada ya kuizuia tangu Februari, kwa sababu ilikuwa nyingi mno sokoni na bei imeanguka. Kinshasa ilisema madini yetu yasitoke ovyo. Sasa sisi tunaotaka madini yetu yathaminiwe, tunayatupa yakiwa yamekwisha kuyeyushwa, kuunganishwa na kuvukishwa bahari mbili, kwa sababu menyu mpya ni nzuri kuliko ya zamani?

Kwa wenye masekreteria, neno la kazi. Kuna wanunuzi wa mitraye wanaopita kwenye vibanda wakiuliza mashine zilizolala. Kabla hamjampa, fanyeni hivi. Tafuteni fleshi ya gigabaiti 8. Mwombeni fundi, au kijana yeyote wa informatiki anayejua, awawekee Puppy au antiX ndani yake. Faili ikishapakuliwa mara moja na mmoja wenu, inanakiliwa bila mega kwa kartye nzima. Wekeni faili za wateja pembeni kwanza. Washeni mashine kwa fleshi hiyo bila kufuta Windows iliyomo. Fungueni TFC moja, ichapeni, kisha fungueni fleshi yenye virusi mwone zile rakursi zinavyokaa bila nguvu. Kama printa imekataa, mtarudi kwenye Windows yenu bila kupoteza kitu. Kama karatasi imetoka, mwambieni mnunuzi wa mitraye apite tena mwaka 2030.